Wontoni za Kamba kwenye Kikaangio cha Hewa: Ganda Likauke, Kamba Asikauke

Wontoni ni kifurushi kidogo cha Kichina cha manda ya unga wa ngano chenye mjazo ndani, na moja tu ina vitu viwili visivyopatana. Ganda la unga linataka moto mkali na muda wa kutosha mpaka maji yake yaishe, ndipo likauke na kuvunjika kwa mlio. Kamba waliomo ndani wanaiva kwa dakika chache tu. Wakipitilizwa wanakakamaa na kutoa maji, na maji hayo yanaishia kwenye lile ganda lililokuwa limeanza kukauka.

Kwenye karai la mafuta ugomvi huu hauonekani sana, kwa sababu mafuta ya nyuzi 180 hukausha ganda kwa dakika mbili au tatu kabla kamba hawajaharibika. Kikaangio cha hewa hakina nguvu hiyo. Ni oveni ndogo yenye feni kali, na hewa, hata ikiwa na nyuzi zile zile, hupeleka joto kwenye chakula polepole kuliko mafuta. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla ya kuwasha mashine: kupunguza maji ya mjazo, kukunja umbo jembamba, na kupaka mafuta kila mahali. Ukifanya hayo matatu, dakika nane au tisa zinatosha.

Jambo moja lijulikane mapema. Ganda la kikaangio cha hewa halifanani kabisa na la mafuta mengi. La mafuta hutoa malengelenge na kuwa jepesi. Hili huwa laini kwa juu na hukatika kama biskuti nyembamba. Ni zuri kwa namna yake. Anayesubiri malengelenge atazidisha moto na kuunguza pembe bila kuyapata.

Manda

Manda za wontoni za kununua ni za mraba, kila upande sentimita 8 hadi 9, na mara nyingi huuzwa zikiwa zimegandishwa. Usichukue manda nene za kutengenezea roli kubwa, maana hewa haiwezi kuzikausha katikati kabla kamba hawajapitiliza. Karatasi za mchele nazo ni kitu kingine kabisa na hazifuati maelekezo haya.

Ziyeyushie ndani ya friji usiku kucha, pakiti ikiwa imefungwa. Ukiziacha mezani ili ziwahi, za nje hutoa jasho na kunatana wakati za katikati bado ni barafu, na ukizibandua kwa nguvu zinachanika. Ukishafungua pakiti, toa tano au sita kwa wakati mmoja na uzifunike zilizobaki kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa hadi kisidondoshe tone. Manda ikianza kupasuka kwenye mkunjo, imekauka. Pangusa kingo zake kwa kidole chenye maji, subiri nusu dakika, kisha ikunje.

Kama huzipati, tengeneza mwenyewe. Kwa manda 36 hivi unahitaji gramu 250 za unga wa ngano wa kawaida, yai 1, mililita 80 za maji na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Unga utakuwa mgumu kuliko wa chapati na mwanzoni utaonekana umekosa maji, usiongeze. Ukande dakika 8 hadi 10, uufunike, uuache upumzike saa nzima. Mapumziko haya hayarukwi: glutini, ile protini ya ngano inayovutika, iliyokazwa na mikono isipolegea, kila unaposukuma unga unarudi nyuma na manda zinabaki nene.

Gawa madonge manne. Sukuma moja baada ya jingine mpaka unene usizidi milimita 1, kiasi cha kuona kivuli cha kiganja chako ukiinyanyua mbele ya mwanga, kisha kata miraba ya sentimita 9. Mashine ya kusukumia tambi hurahisisha sana hapa. Nyunyiza konflawa, ule wanga mweupe laini wa mahindi, kati ya manda na manda. Unga wa ngano haufai kwa kazi hii, kwani hufyonzwa na kugeuka gundi, ukafika wakati wa kukunja una bunda moja tu.

Mjazo

Vipimo hivi vinatoa mjazo wa gramu 360 hivi, yaani gramu 10 kwa kila wontoni:

- kamba waliomenywa, gramu 220 (nunua gramu 440 hivi kama ni wazima wenye vichwa)
- mnofu wa samaki mweupe, usio na ngozi wala miiba, gramu 80
- chumvi, robo kijiko cha chai
- soda ya kuokea, nusu ya robo kijiko cha chai
- majani ya vitunguu yaliyokatwa laini, vijiko vikubwa 3
- tangawizi iliyokunwa, kijiko cha chai 1
- kitunguu saumu, punje 1 iliyopondwa
- soya sosi, kijiko cha chai 1 na nusu
- mafuta ya ufuta, kijiko cha chai 1
- sukari, nusu kijiko cha chai
- pilipili manga nyeupe, robo kijiko cha chai
- ute mweupe wa yai, kijiko kikubwa 1
- konflawa, kijiko kikubwa 1

Soda ya kuokea ni ile bikaboneti ya sodiamu ya jikoni. Beking pauda haishiki nafasi yake. Soda inapandisha ualkali juu ya nyama ya kamba, na nyama yenye ualkali kidogo hushikilia maji yake vizuri zaidi inapopata moto. Ndiyo siri ya kamba wanaobaki na mkato mdomoni hata baada ya dakika tisa za hewa kavu. Lakini ikizidi inaleta ladha ya sabuni, kwa hiyo usikisie kwa vidole.

Kabla ya kuitumia, soma pakiti ya kamba. Wengi waliogandishwa viwandani tayari wametiwa chumvi na fosfeti, kemikali inayowafanya wanywe maji. Kamba hao huvimba kwa maji, huonekana kama kioo, na huyamwaga maji hayo kwenye moto. Ukikuta fosfeti kwenye orodha, acha soda na chumvi ya kwenye vipimo, na uwakaushe mara mbili. Ukiweza kuchagua, chagua pakiti iliyoandikwa kamba peke yake, au kamba na chumvi.

Menya, toa utumbo mweusi wa mgongoni, osha, kisha wakaushe kwa karatasi ya jikoni. Kausha kwelikweli: tandaza karatasi, panga kamba, funika kwa nyingine, bonyeza. Hatua hii ndogo inaokoa wontoni nyingi kuliko kiungo chochote. Wachanganye na chumvi na soda, waweke friji dakika 20, kisha wakaushe tena bila kuwaosha.

Sasa wagawe mara mbili. Nusu wakate vipande vya ukubwa wa punje ya njegere. Nusu iliyobaki, pamoja na samaki, katakata na ponda kwa kisu mpaka iwe rojo zito. Rojo ndiyo gundi, vipande ndivyo vinavyotafunika. Ukisaga vyote unapata mjazo mmoja laini usiojulikana ni nini, na ukikata vyote vinatawanyika unapouma. Samaki yumo kwa sababu hiyo hiyo ya gundi. Protini ya nyama yake, ikikutana na chumvi na kusukwasukwa, huyeyuka na kunata. Chagua samaki mwenye nyama ngumu kiasi. Wa kumeguka ovyo hutoa maji.

Weka rojo kwenye bakuli pamoja na soya sosi na ute wa yai, ukoroge kwa kuzungusha upande mmoja dakika mbili au tatu, mpaka mchanganyiko ukatae kutoka kwenye mwiko. Ndipo utie vipande vya kamba, viungo, majani ya vitunguu na konflawa. Mafuta ya ufuta yaje mwisho, maana yakitangulia yanaifunika nyama na kuizuia isinatane. Funika, rudisha friji nusu saa. Mjazo wa baridi hukaa pale unapouweka; ukipata joto hulegea, na hapo ndipo watu huanza kuongeza konflawa bila sababu na kuishia na mjazo wa uji.

Chumvi usiionje ikiwa mbichi. Pika kijiko kimoja kidogo kwenye kikaango, onja, rekebisha.

Ukipenda kabichi au karoti ndani, zikate laini, zitie chumvi kidogo, ziache dakika 10, kisha zikamue kwa kitambaa mpaka zisitoe tone. Mboga zisizokamuliwa ndizo zinazolainisha ganda kutoka ndani, na mtu hubaki akiilaumu mashine.

Kaa, ngisi na surimi

Kaa aliyekwisha kuchemshwa na kuchambuliwa anahitaji kupata joto tu, kwa hiyo adui pekee ni maji na vipande vya gamba. Pitisha nyama yake kwa vidole, kidogo kidogo, kisha ikamue. Wanaopenda mjazo wa kaa na jibini laini ya kupaka watumie gramu 150 za kaa kwa gramu 120 za jibini, mchanganyiko ukae friji saa moja, na kila manda ipate kijiko cha chai kisichofurika. Jibini huyeyuka na kutafuta tundu. Ufunge vizuri, na upike dakika 6 au 7 tu.

Ngisi ni mgumu kumudu. Hutoa maji mengi na hugeuka mpira akipitilizwa. Mkate laini sana, mkaushe, na asizidi theluthi moja ya mjazo, waliobaki wawe kamba. Vijiti vya surimi, yaani samaki aliyesagwa na kuundwa kama nyama ya kaa, vimeshapikwa na vina chumvi na sukari yake, kwa hiyo punguza soya sosi na uache sukari.

Kwa anayepikia wageni: kamba, kaa na ngisi ni miongoni mwa vyakula vinavyoamsha mzio mkali, na surimi huwa na samaki, mara nyingi na ute wa yai na ngano pia. Uliza kabla, na usipike wontoni za mwenye mzio kwenye kapu lile lile la kikaangio ambalo halijaoshwa.

Kukunja

Umbo maarufu la wontoni ni lile ambalo pembe mbili za pembetatu huvutwa na kuunganishwa, likafanana na vipande vya fedha vya zamani vya China. Ni zuri kwenye supu. Kwenye kikaangio cha hewa linaangusha: pale pembe zinapokutana pana tabaka nne za unga, na hewa haifiki kati yake. Unapata ncha iliyoungua na fundo gumu lenye unga mbichi katikati. Kunja pembetatu bapa. Haina madaha, lakini kila sehemu ina tabaka moja au mbili tu, na inakauka sawasawa.

Weka manda mbele yako, pembe moja ikikuelekea. Pangusa konflawa kwenye kingo, kwani ikibaki kavu haishiki. Weka gramu 10 za mjazo katikati, ukiubonyeza kidogo uwe bapa badala ya mlima. Chovya kidole kwenye maji na upitishe mstari mwembamba kwenye kingo mbili tu. Maji yakizidi, kingo zinateleza badala ya kunata.

Kunja, na kabla ya kubana, sukuma hewa kutoka kwenye mjazo kuelekea nje kwa vidole vya mikono miwili. Hewa iliyonaswa ndani hutanuka kwenye moto na kuipasua wontoni, na mara nyingi kile kinachodhaniwa ni kujaza kupita kiasi huwa ni hewa tu. Bana kingo upana wa nusu sentimita, hakikisha hakuna tundu.

Kama unataka umbo la kupendeza mezani, nyanyua pembe zote nne zikutane juu na ubane mishono minne kama bahasha. Mbawa zake hukauka vizuri sana, mradi upunguze mjazo hadi gramu 7 na usizisokote kileleni.

Zilizokunjwa zipange kwenye trei yenye konflawa bila kugusana, uzifunike, na uzipike ndani ya nusu saa. Zikikaa zaidi mezani, mjazo unalowesha manda kwa chini. Mjazo mbichi usikae nje ya friji zaidi ya saa 2 kwa jumla, au saa 1 kama jikoni kuna joto la zaidi ya nyuzi 32.

Mafuta, kisha moto

Wontoni isiyopakwa mafuta hutoka na mabaka meupe, ngumu bila kuwa kavu, na ladha ya unga. Unga mkavu hauwezi kubadilika rangi vizuri kwa hewa peke yake. Utando wa mafuta ndio unaopokea joto na kulisambaza juu ya ganda. Kwa wontoni 12 vijiko viwili vya chai vinatosha, lakini vifike kila mahali: pande zote mbili, kingo, na hasa pembe. Tumia brashi laini au chupa ya kunyunyizia uliyoijaza mwenyewe. Makopo ya mafuta ya kupuliza yenye lesitini, kiungo cha kuzuia chakula kisishike, huacha utando unaonata kwenye kapu, na baadaye huharibu lile tabaka lake lisiloshika chakula. Alizeti au mafuta mengine yasiyo na ladha yanafaa. Mafuta ya ufuta yabaki ndani ya mjazo, maana juu ya ganda huungua na kuwa machungu.

Washa mashine nyuzi 180 dakika 3 ikiwa tupu. Ukitumia karatasi ya kuokea, iwe ya matundu, na isiingie kabla ya chakula, kwa kuwa feni huivuta hadi kwenye chuma cha moto na inaweza kushika moto. Kwa wontoni hizi karatasi haihitajiki. Pakaa kapu mafuta kidogo tu.

Panga safu moja, nafasi ya sentimita 1 kati ya wontoni na wontoni. Kapu la kawaida la familia huchukua 8 hadi 12. Zikigusana, sehemu iliyogusana hubaki laini na kunatana, na ukizitenganisha ganda linachanika. Ni afadhali kupika mikupuo mitatu kuliko kurundika mara moja.

Pika nyuzi 180 dakika 5, zigeuze, angalia kama kuna sehemu nyeupe na uiguse kwa brashi yenye mafuta, kisha endelea dakika 3 hadi 4. Mkupuo wa kwanza uwe wa wontoni mbili tu za majaribio, kwa sababu mashine hutofautiana sana na zile ndogo huchoma haraka. Ipasue moja: kamba wawe wameacha kung'aa kama kioo na nyama yao iwe nyeupe yenye wekundu. Mwenye kipimajoto cha nyama asome nyuzi 63 katikati ya mjazo.

Majaribio hayo mawili yakuambie la kufanya. Pembe zikiwa nyeusi na tumbo likiwa la rangi hafifu, shusha hadi nyuzi 170 na uongeze dakika mbili. Ganda likiwa limeiva lakini katikati bado mbichi, mjazo ni mwingi au ni mlima, ubonyeze bapa. Ganda likiwa la kutafuna badala ya kuvunjika, manda ni nene, au umetoa mapema. Mchuzi ukionekana chini ya kapu, kuna mshono uliofunguka, na mara nyingi ni konflawa iliyobaki kwenye kingo.

Zikitoka, ziweke kwenye waya wa kupoozea. Sahani hushika mvuke chini yake na ndani ya dakika tano upande mmoja umelegea. Usizifunike hata kidogo, wala usizimwagie sosi. Sosi iwe kwenye kibakuli pembeni: vijiko vikubwa 2 vya soya sosi, kijiko kikubwa 1 cha siki ya mchele, kijiko cha chai 1 cha sukari, matone machache ya mafuta ya ufuta na pilipili mbichi iliyokatwa.

Kuhifadhi

Wontoni mbichi hugandishwa vizuri. Zipange kwenye trei bila kugusana, zikae friza saa 2 mpaka ziwe ngumu, ndipo uzitie kwenye mfuko na kuutoa hewa. Kwa nyuzi 18 chini ya sifuri ladha yake hubaki nzuri mwezi mmoja hadi miwili. Kama kamba walikuwa wamegandishwa na ukawayeyushia ndani ya friji, kuwarudisha friza ni salama, ila watapoteza maji zaidi, kwa hiyo wale ambao hawajawahi kugandishwa ndio wafaao zaidi kwa akiba.

Siku ya kupika usiziyeyushe, maana manda italowa na kunata kwenye trei. Pangusa barafu kwa brashi kavu, paka mafuta, pika nyuzi 180 dakika 11 hadi 13, ukizigeuza dakika ya 6. Rudia kupaka mafuta wakati wa kugeuza, kwa sababu yale ya kwanza huteleza pamoja na barafu inayoyeyuka.

Zilizopikwa hukaa friji siku 2. Zipashe joto kwa nyuzi 170 dakika 3 hadi 4 bila kuongeza mafuta, katikati ziwe moto kabisa. Maikrowevu huzigeuza laini, na zikishalainika huko hata kikaangio hakizirudishi sawasawa.